Uji wa Mlima wa Moto na Mashine Inayojifunza



Jumamosi iliyopita nilikuwa mezani pangu nikinakili majina ya watoto waliobatizwa, mara akaingia mzee mmoja, fundi cherehani, ambaye hapa parokiani twamjua kwa kushona kanzu za watumishi wa altare. Yeye ni mtu wa Kigoma, lakini miaka mingi aliipitisha Goma, mji wa Kongo ulio kando ya ziwa Kivu, akishona na kuuza nguo sokoni.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia, nikampa kiti.

"Marahaba, mwalimu. Hujambo?" Huniita mwalimu kwa kuwa nilisomea ualimu chuoni, ingawa sasa kazi yangu ni karani. "Leo sikuja kwa habari ya cheti. Nina swali. Nimesikia redioni ati wataalamu wameifunza mashine, nayo yaweza kusema kama lava ya mlima wa moto ni nzito au nyepesi kabla haijashuka. Ni kweli hayo, au ni maneno ya redio tu?"

Nikamwuliza kwa nini jambo hilo lamsumbua. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Januari 2002 nilikuwa Goma. Tuliuona moto ukishuka mlimani, lakini hapakuwa na mtu wa kutuambia kama utakimbia au utatambaa. Mimi nilitoka na watoto na mkasi wangu. Jirani yangu alisema, 'Bado kuna nafasi, narudi kuchukua cherehani.'"

Hakuimaliza habari ile, wala mimi sikumwuliza zaidi. Nilimwahidi kwamba nitasoma nipate jibu, na kwamba jibu lenyewe nitaliandika hapa, maana si yeye peke yake anayelihitaji. Basi hili ndilo.

MLIMA MMOJA, MBIO MBALIMBALI

Mlima ule waitwa Nyiragongo. Urefu wake ni meta 3,470, na mji wa Goma uko chini yake, mwendo usiofika kilometa 20. Ndani ya shimo la kilele chake mara nyingi huonekana ziwa la lava, yaani mawe yaliyoyeyuka yakichemka mchana na usiku.

Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa lile likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Wataalamu wakisia kwamba lava ile ilikimbia mpaka kilometa 60 kwa saa, yaani kama gari katika barabara nzuri. Watu waliokuwa mashambani hawakuweza kuikimbia. Hesabu za waliokufa zatofautiana, tangu 70 hata mamia.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka tena upande wa kusini. Safari hii lava iliingia mjini, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Watu mamia ya maelfu walivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Lakini ilipofika mjini lava ilikwenda polepole, hata mtu mzima aliweza kuitangulia kwa miguu. Ndiyo sababu wengine walirudi kutafuta mali zao. Siku chache baadaye kituo kimoja cha mafuta kililipuka, wakafa watu wengi waliokuwa hapo.

Tarehe 22 Mei 2021, jioni ya Jumamosi, mlima uliwaka mara ya tatu. Lava ilifika ukingoni mwa mji ikasimama. Watu wapatao 30 walipoteza maisha, na baada ya siku tano watu wa sehemu kubwa ya mji waliamriwa kuhama kwa hofu ya mlipuko mwingine.

Angalieni basi, wasomaji: mlima ni mmoja, lakini mara lava yakimbia kama gari, mara yatambaa kama kobe. Jambo hili lategemea mteremko, wingi wa lava inayotoka, na jambo la tatu ambalo ndilo swali la mzee wetu: lava yenyewe ni nyepesi kiasi gani.

MNATO NI KITU GANI?

Kila mama ajuaye kupika uji alijua jambo hili kabla ya wataalamu. Uji ukiwa mwepesi, mwiko wazunguka bila taabu. Ukizidisha unga, mkono waanza kuchoka. Ukizidisha zaidi, si uji tena, bali ugali, na mwiko waweza kusimama wima wenyewe. Ule ugumu unaousikia mkononi ndio mnato. Neno latokana na kunata. Majimaji yenye mnato mdogo hutiririka upesi. Yenye mnato mkubwa hujivuta.

Maji yana mnato mdogo sana. Asali inaweza kuyapita maji mara elfu kadha, hata elfu kumi. Lava ya kawaida ya milima kama ile ya visiwa vya Hawaii huyapita maji mara elfu kumi hata laki moja, na zaidi. Na ziko lava nyingine ambazo mnato wake ni mkubwa mno hata macho hayaoni kama zinakwenda. Tangu lava nyepesi kabisa mpaka ile inayokaribia kuganda kuwa kioo, tofauti ni kubwa hata uandike 1 na kuifuatisha kwa sifuri 15. Sijui kitu kingine cha jikoni wala cha shambani chenye tofauti kubwa namna hiyo.

Tena mnato ndio unaoamua tabia ya mlima. Hewa zilizomo ndani ya lava nyepesi hupanda na kutoka kama mapovu ya uji unaochemka. Ndani ya lava nzito hewa hazipati njia. Hubanwa, hubanwa, mpaka siku moja hupasua kila kitu. Tarehe 8 Mei 1902 mlima Pelée, katika kisiwa cha Martinique, ulitoa wingu la moto likaufuta mji wa Saint-Pierre pamoja na watu wake wapatao 28,000. Miezi iliyofuata lava yake ilijitokeza kileleni, nayo ilikuwa nzito hata ikasimama wima kama mnara wa jiwe, meta zaidi ya 300 kwenda juu. Huo ni ugali, wala si uji.

UNGA WA LAVA

Katika uji kinacholeta uzito ni unga. Katika lava ni silika, kitu kile kile kilichomo ndani ya mchanga mweupe na kioo. Chembe za silika hushikana mikono, kila moja na jirani zake, zikawa kama wavu. Wavu ukiwa mkubwa, lava haiendi. Sodiamu, potasiamu na kalisi huukata wavu huo hapa na pale. Maji nayo yaliyojificha ndani ya mawe yaliyoyeyuka huukata vibaya sana, hata maji kidogo tu, sehemu chache katika mia, yaweza kupunguza mnato wa lava nzito mara maelfu.

Lava ya Nyiragongo ina silika kama sehemu 40 tu katika 100, na sodiamu na potasiamu nyingi. Ile ya Pelée ina silika karibu 60. Kumbe ndiyo maana ya Nyiragongo hukimbia.

Na kwetu Tanzania, karibu na ziwa Natron, uko mlima Oldoinyo Lengai, ambao Wamasai huuita mlima wa Mungu. Huo ni wa ajabu kupita yote, maana lava yake karibu haina silika kabisa. Ni ya magadi na chokaa. Joto lake ni kama digrii 500 hata 600 tu, hali lava za kawaida hupita 1,000. Hutiririka kama mafuta au asali nyepesi, ikiwa nyeusi, kisha ikipata unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Lakini mtu asidanganyike akadhani mlima huo ni mpole daima. Mwaka 2007 na 2008 ulilipuka na kurusha majivu juu sana, kwa kuwa mawe ya namna nyingine yalipanda kutoka chini.

JINSI WANAVYOPIMA

Mtu hawezi kuingiza mwiko katika shimo la Nyiragongo. Basi wataalamu huchukua vipande vya lava iliyopoa, husaga, huyeyusha tena ndani ya tanuri katika kikombe cha platini, madini yasiyoyeyuka upesi. Kisha huingiza kijiti cha platini ndani yake, nacho huzungushwa na mota. Mota ikisikia ugumu mwingi, mnato ni mkubwa; ikisikia ugumu kidogo, mnato ni mdogo. Wasomaji wa kike watacheka, maana huo ni mwiko na sufuria tu, ila gharama yake ni kubwa!

Joto likipungua sana lava huwa nzito hata kijiti hakizunguki. Hapo hutumia njia nyingine: hukandamiza kipande chake kwa uzito fulani na kutazama kinabonyea kwa kadiri gani katika saa kadha.

Lakini kati ya njia hizi mbili liko pengo. Katika joto la katikati lava haikubali kupimwa, kwa sababu wakati unapoipima chembe za mawe huanza kuota ndani yake, kama chumvi inavyoota katika maji ya bahari yanayokauka. Ukimaliza kupima, kitu ulichonacho si kile ulichoanza nacho. Kwa hiyo wataalamu wana vipimo vya upande wa moto mkali na vipimo vya upande wa kukaribia kuganda, na katikati vipimo ni vichache. Tena kazi yenyewe ni ya polepole, na duniani ziko aina za lava nyingi mno. Haiwezekani kuzipima zote katika kila joto na kwa kila kiasi cha maji. Hapo ndipo hesabu ilipotafutwa.

KUTOKA KANUNI MPAKA MASHINE

Zamani ya kutosha, kati ya mwaka 1921 na 1926, wataalamu Vogel, Fulcher na Tammann walionyesha kanuni fupi ya jinsi mnato wa kioo kilichoyeyuka unavyobadilika joto likipanda au kushuka. Mwaka 2008 Giordano, Russell na Dingwell waliitumia kanuni hiyo kwa lava. Walikusanya vipimo zaidi ya 1,770 vilivyofanywa na watu wengi, wakatafuta namba 18 tu ambazo, ukiijua lava ina nini ndani yake na joto lake ni kiasi gani, zakupa mnato wake. Kanuni hiyo imesaidia sana.

Mashine inayojifunza huenda kwa njia nyingine. Ndani yake mna namba nyingi ndogo ambazo mwanzoni zimewekwa ovyo. Yaonyeshwa lava ya kwanza: silika kiasi hiki, chuma kiasi hiki, maji kiasi hiki, joto hili, je, mnato wake? Yatoa jibu, na bila shaka jibu ni bovu. Yaonyeshwa jibu la kweli lililopimwa tanurini, nazo namba zake zakazwa au kulegezwa kidogo, kama fundi anavyokaza na kulegeza skrubu ya uzi katika cherehani mpaka mshono unyooke. Kisha lava ya pili, ya tatu, ya elfu, na kurudia tena tangu mwanzo mara nyingi sana. Kompyuta haichoki. Mwisho wake namba zimekaa mahali pake, na mashine yaweza kukisia hata lava ambayo haijaiona.

Mwaka 2021 Charles Le Losq wa Paris pamoja na wenzake walitangaza mashine ya namna hii waliyoiita i-Melt. Walifanya kama mwalimu mwenye busara: walianza na mchanganyiko rahisi wa vitu vinne tu, yaani silika, alumini, sodiamu na potasiamu, ndipo baadaye wakaongeza vingine. Tena hawakuiacha mashine iseme lolote ipendalo. Waliifunga kwa kanuni za fizikia zinazojulikana, ili jibu lake lisiende kinyume cha kanuni hizo. Mwaka 2022 Langhammer, Di Genova na Steinle-Neumann nao walitangaza kazi kama hiyo kwa lava za milima ya moto zenyewe, zikiwa kavu au zikiwa na maji.

Basi sehemu ya kwanza ya jibu, mzee wangu, ni hii: ni kweli. Si maneno ya redio.

MITEGO MITATU

Lakini mimi nilisomea ualimu, nami najua kwamba mwanafunzi anayejibu upesi si lazima awe anajua. Iko mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni kukariri. Ukimpa mtoto hesabu ishirini za mazoezi, kisha mtihani ukawa na hesabu zile zile ishirini, atapata zote, nawe utamsifu bure. Ndivyo ilivyo kwa mashine. Kwa hiyo wataalamu huficha sehemu ya vipimo wasiionyeshe kabisa wakati wa kufundisha, ili iwe mtihani. Tena yawapasa kuwa waangalifu zaidi ya hapo. Jiwe moja likipimwa katika joto kumi mbalimbali hutoa vipimo kumi, navyo hufanana kama ndugu. Ukiweka tisa katika masomo na kimoja katika mtihani, umemwonyesha mtoto jibu kwa mlango wa nyuma. Vipimo vyote vya jiwe moja ni lazima vikae upande mmoja.

Mtego wa pili ni majibu mabaya katika kitabu cha mwalimu. Nilisema kwamba chembe huota ndani ya lava wakati wa kupima. Nyingine ni ndogo mno, hata ukizipanga mia tatu hazifiki unene wa unywele mmoja, na kwa darubini ya kawaida hazionekani. Di Genova na wenzake walionyesha kwamba chembe hizo huvuta chuma kutoka katika majimaji, na majimaji yanayobaki huwa mazito kuliko yalivyokuwa. Mpimaji aandika: mnato wa lava hii ni huu. Kumbe amepima kitu kingine. Kipimo hicho kikiingia kitabuni, mashine hukisoma kwa uaminifu wote na kujifunza uongo. Mashine haina njia ya kumwambia mwalimu wake, "Hapa umekosea."

Mtego wa tatu ndio mkubwa, nao watuhusu sisi. Mashine hujua vema mambo yaliyo katikati ya masomo yake. Ukiitoa nje ya masomo hayo haikwambii, "Sijui." Hutoa namba, na namba hiyo huandikwa kwa wino ule ule kama namba iliyo sawa. Mashine iliyofundishwa lava za silika ukiiuliza habari za lava ya magadi ya Oldoinyo Lengai, jibu lake halina thamani hata kidogo, kwa maana haikufundishwa jambo hilo. Na lava kama ya Nyiragongo ni chache duniani. Katika vitabu vya masomo imekaa pembeni, si katikati. Kwa bahati njema lava iliyoingia Goma mwaka 2002 iliyeyushwa tena na kupimwa, na Giordano na wenzake walitangaza vipimo hivyo mwaka 2007. Vipimo vya jiwe lile lenyewe, vilivyofanywa kwa mkono na kwa subira, ndivyo vinavyoipa mashine haki ya kusema habari za Goma.

Mimi mwenyewe niliwahi kunaswa na mtego huu wa tatu. Nilipoanza kazi niliambiwa nikisie idadi ya watoto watakaokuja kwenye mafundisho, ili tununue madaftari. Nilichukua vitabu vya ubatizo vya miaka iliyopita, nikapiga hesabu nzuri. Kwa vijiji vya karibu nilikosea kidogo tu. Kwa kigango kipya cha bondeni, ambako watu wengi walikuwa wamehamia na watoto waliobatizwa kwingine, nilikosea karibu nusu. Watoto walikaa wawili wawili katika daftari moja. Hesabu haikuwa mbaya. Vitabu vyangu ndivyo visivyokuwa na habari za watu wale.

JE, INGEWASAIDIA WATU WA GOMA?

Sasa nafika kwenye swali lenyewe la mzee. Yatupasa kusema wazi yale mashine isiyoyaweza. Haisemi mlima utawaka siku gani. Mwaka 2022 wataalamu walioichunguza habari ya Nyiragongo ya Mei 2021 waliandika kwamba ishara za kawaida, kama matetemeko ya kuongezeka na ardhi kuvimba, hazikuonekana siku za kabla. Mlima ulipasuka karibu bila kubisha hodi. Tena mashine hukisia mnato wa majimaji matupu. Lava ya kweli ina mapovu na vipande vya mawe ndani yake, kama uji uliotiwa punje za mchele, na juu yake hufanya gamba linapopoa. Hayo huhesabiwa kwa njia nyingine na kuongezwa.

Lakini mlima usiobisha hodi ndio unaotaka hesabu ifanywe mapema. Ukipewa siku kumi za kujiandaa, waweza kukaa na kufikiri. Ukipewa saa moja, kufikiri kuwe kumekwisha. Ukijua mnato, mteremko, na kina cha mkondo, waweza kukadiria mbio zake. Mwingereza Harold Jeffreys aliandika kanuni hiyo tangu mwaka 1925: mnato ukipungua nusu, mbio huzidi mara mbili, kina cha mkondo kikizidi mara mbili, mbio huzidi mara nne. Kwa hesabu hizo huchorwa ramani: lava ikitoka hapa, itapita bonde hili, itafika barabara ile baada ya muda huu. Mashine husaidia kwa kuwa hujibu upesi, hata ikaulizwa maelfu ya maswali: je, lava ikiwa na joto zaidi kidogo? Je, ikiwa na maji zaidi kidogo? Ramani ikiwa tayari, mkuu wa mji ajua shule ipi ihamishwe kwanza na njia ipi ifungwe.

Na jibu likikosea mara mbili au tatu? Katika jambo lenye sifuri 15, hilo ni kosa dogo, lakini kwa mama mwenye watoto watatu njiani kosa la mara mbili ni nusu ya muda wake. Kwa hiyo mwenye kuchora ramani atoe jibu pamoja na kadiri ya shaka yake, naye mwenye kupanga njia ashike lile la mbio zaidi.

MANENO YA MWISHO

Ijumaa nilimsomea mzee haya yote kabla ya kuyapeleka gazetini. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza akasema: "Basi mashine hiyo ni kama mwanagenzi wangu wa kwanza. Alikata vizuri sana suruali za vijana wa mjini, maana ndio aliokuwa akiwapima. Siku alipokuja mzee mwenye kitambi, hakuuliza wala hakupima, alikata kwa mazoea. Kitambaa kikaharibika."

"Ukamfukuza?" nikamwuliza.

"La, mwalimu. Nilimpa futi, nikamwambia apime watu wa kila namna. Mwisho akawa fundi kuliko mimi."

Sina la kuongeza juu ya hilo. Walio na nguvu ya kusaidia, na wasaidie upimaji wa mawe yetu wenyewe, ya Virunga na ya Bonde la Ufa, ili yawe katikati ya masomo wala yasibaki pembeni. Wazazi wenye watoto wanaopenda hesabu na kemia, wasiwavunje moyo. Kazi ya kupima iko, na watendaji ni wachache.

Nanyi mnaokaa karibu na mlima wa moto, au mlio na ndugu huko, shikeni mambo machache. Jueni tangu leo njia mtakayoifuata, na iwe ile ya kuacha bonde ambalo lava hupenda kupita. Patanani mahali pa kukutana kama mkitawanyika. Jihadharini na mashimo na mabonde ambako hewa mbaya hutuama, ile ambayo watu wa Goma huiita mazuku, maana huua bila harufu, na watoto na mbuzi hutangulia. Amri ya kuhama ikitoka kwa wakuu, hameni.

Na mkisha kutoka, msirudi kuchukua cherehani.

Tukijaliwa, tutaonana tena juma lijalo.

Karani wenu